Ilani Iliyotangulia Mwezi

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa kopo la pini, nyundo ndogo na funguo za mbao sita za matangazo. Chuo chetu kilikuwa kisiwani Mombasa, mwendo mfupi kwa miguu kutoka kwetu Mji wa Kale, nami nilichukuliwa kibarua cha utarishi. Nilikuwa nimeishia darasa la saba. Niliandika polepole, na aibu ilinizidi hata nikiitwa jina naitikia kwa kichwa tu.

Aliyenitangulia alinifundisha kazi yote kwa asubuhi moja. Tangazo la chuo liliitwa ilani. Haikubandikwa mpaka iwe na sahihi ya Msajili, ambaye ndiye mkuu wa makaratasi yote ya chuo, pamoja na muhuri wake wa wino wa zambarau. Nyuma ya karatasi niliandika kwa penseli siku ya kuibandua, kwa sababu ilani iliyopitwa na wakati huwapotosha watu kuliko kutokuwa na ilani kabisa.

Msajili alikuwa mtu wa ukoo wa zamani wa Mji wa Kale, mpole wa sauti na mkali wa macho. Siku moja niliona ilani yake imeandikwa Jumatatu na tarehe ni ya Jumanne. Kusema sikuweza. Nikatia nukta ya penseli pembeni nikairudisha mezani kwake. Akaniita.

"Bakari, nani aliyetia nukta hapa?"

"Ni mimi, shekhe."

"Basi kila ukiona mambo kama haya, tia."

Nikawa natia nukta, miaka ikaenda.

Kuelekea mwisho wa miaka ya tisini chuo kikapata tovuti. Mwanzoni mhadhiri mmoja ndiye aliyejua kuandika kurasa zake kwa lugha ya mashine, na kila badiliko lilimngoja yeye. Ratiba ya muhula ilitokea muhula ukikaribia kwisha. Ndipo akaja Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, Bi Kadzo, mwenyeji wa Kaloleni, akatuletea mfumo wa kusimamia maandishi ya tovuti. Ulikuwa kama fomu: unajaza kichwa, maandishi, siku ya kutoka na siku ya kuondoka. Mtu mmoja anaandika rasimu, mwingine anaidhinisha. Siku ikifika ukurasa hutoka wenyewe, hata kama aliyeuandika yuko kwake amelala.

Kwenye mkutano iliulizwa nani ataandika. Makarani walisema mikono yao imejaa. Bi Kadzo akauliza, "Ni nani hapa anayejua ilani ipi bado hai na ipi imekufa?" Wote wakanitazama, nami nikatazama viatu vyangu.

"Huyu?" mhadhiri mmoja akasema. "Huyu ataandika ilani moja kwa muhula."

"Ukurasa wako uliuandika upesi, Daktari," Bi Kadzo akamjibu, "na jina la idara yako umelikosea."

Msajili akanipa miezi mitatu ya majaribio. Nikiimaliza bila kosa, ningepata barua ya ajira ya kudumu. Barua hiyo niliitaka kuliko chochote. Nilikuwa kibarua mwaka wa saba, na wazazi wa mchumba wangu, Mwanaisha, walikwisha kusema wazi kwamba binti yao haolewi na kibarua.

Shida ilikuwa Msajili mwenyewe. Mashine hakutaka kuigusa. "Mkono wangu ni wa kalamu," alisema, akaniandikia neno lake la siri kwenye kijikaratasi. Tukaafikiana hivi: yeye anatia sahihi kwenye karatasi kama zamani, nami naandika rasimu kwa jina la ofisi, maana langu sikuwa nalo bado, kisha naingia kwa jina lake na kuidhinisha. Bi Kadzo hatukumwambia.

Mwezi wa tatu wa majaribio ukaangukia Ramadhani. Msajili akatoa ilani: chuo kitafungwa siku ya Idi, na mitihani itaanza kesho yake. Tarehe hakuandika. Kwetu ilani ya namna hiyo ilikaa mezani mpaka mwezi uandame, kisha natia siku kwa mkono na kwenda kuibandika. Lakini mfumo ulikataa fomu isiyo na tarehe. Kila nilipobonyeza, ukanirudishia maandishi mekundu. Nikatazama kalenda ya ukutani, ikasema Idi ni Jumanne. Nikaandika kuwa Idi ni leo Jumanne na mitihani inaanza kesho Jumatano, nikaagiza itoke Jumanne saa kumi na mbili asubuhi, nikaidhinisha kwa jina la Msajili.

Jumatatu magharibi nilikuwa ufukweni Mama Ngina pamoja na watu wengine, tukitazama upande wa machweo. Palikuwa na wingu tupu. Baadaye redio ikatangaza kwamba mwezi haukuonekana, tunakamilisha mfungo wa thelathini. Idi ikawa Jumatano. Watu wakarudi kwenye tarawehe, nami nikakumbuka fomu yangu. Chumba cha mashine kilikuwa kimefungwa mpaka saa mbili asubuhi.

Asubuhi niliifuta ilani mara tu mlango ulipofunguliwa, kwa jina lilelile la Msajili. Nikadhani nimewahi. Kumbe maabara ya wanafunzi hufunguliwa alfajiri, na msichana mmoja wa bweni, Mkamburi, mtu wa Voi, alikwisha kuichapa na kuibandika penye chumba cha kulia. Wanafunzi Waislamu wakaja juu: vipi mtihani wafanywa siku ya Idi? Hata saa nne, Mkamburi alikuwa amesimama mbele ya meza ya Msajili, na msimamizi wa mabweni kando yake. Mimi nilikuwa mlangoni, trei ya barua mkononi.

"Nani aliyekutuma kugombanisha watu?" Msajili akamwuliza.

"Niliikuta kwenye kompyuta, Mzee. Nikaichapa wenzangu waione."

"Nimeonyeshwa hiyo kompyuta sasa hivi. Hakuna kitu. Na ilani niliyoitia sahihi hii hapa, haina tarehe."

"Asubuhi ilikuwepo."

"Hawa hujichapia wanayoyataka, shekhe," msimamizi akasema. "Mrudishe kwao mpaka mwakani."

"Nikirudi sasa," Mkamburi akasema polepole, "mwakani hakuna wa kunileta tena."

Msajili akaninyooshea mkono bila kunitazama. "Bakari, nipe fomu ya kusimamisha masomo."

Fomu nilijua iko kabati gani. Nilijua pia kwamba nikiileta, hakuna atakayeniuliza lolote maishani mwangu. Nikaiweka trei chini.

"Ilani ni yangu, shekhe," nikasema.

"Yako vipi?"

Nikasema yote, ya kalenda, ya maandishi mekundu na ya kufuta. Sikuwahi kusema maneno mengi hivyo mbele ya watu.

"Kwa nini hukunambia tangu asubuhi?"

"Niliona haya."

"Haya yako ingemharibia mtoto wa watu."

Bi Kadzo akaitwa. Akafungua kumbukumbu za mfumo, pale unapoandikwa mkono wa kila aliyegusa ukurasa, akasoma: "Aliyeandika, Ofisi. Aliyeidhinisha, Msajili. Aliyefuta, Msajili." Akanitazama, kisha akamtazama mzee. "Kwa hesabu ya mashine, shekhe, Bakari hakuwepo."

Msajili akamgeukia Mkamburi. "Nisamehe, mwanangu. Nenda ukasome. Mtihani ni Alhamisi." Mimi akaniambia, "Barua yako imo kwenye mtoto wa meza hii, nilikwisha kuitia sahihi. Haitoki leo."

Nilikaa siku hiyo nikiandika ilani sita kwa mkono, moja kwa kila ubao. Baadaye Bi Kadzo alitutengenezea kisanduku kwenye fomu cha siku zinazongoja kuthibitishwa. Ukikitia alama, rasimu haitoki mpaka mtu aifungulie mwenyewe. Akanipa na jina langu la kuingilia. Msajili akajifunza kushika kipanya, akibonyeza kwa kidole kimoja, na kila akifika kwenye neno lake la siri huniambia, "Geuka." Barua aliniletea mwenyewe Shaabani iliyofuata. Mwanaisha alikuwa bado ananingoja.

Nimestaafu sasa. Mifumo imebadilishwa mara nyingi, na kila mara kumbukumbu zilinakiliwa kutoka wa zamani kwenda mpya. Siku yangu ya mwisho kijana aliyekuja kulifunga jina langu alinionyesha yote niliyoyaandika, na makosa yangu yakiwemo. Nilimwomba jambo moja: ile ilani ya Idi aitoe kwenye jina la Msajili, Mwenyezi Mungu amrehemu, ailete kwenye langu. Alijaribu kwa heshima, akabonyeza huku na huku.

"Haiwezekani, Mzee," akasema. "Aliyeandikwa ndiye aliyeandikwa."