Baba Anamngoja Mjapani Ashindwe

Mimi ni mtu mzima, nina kazi yangu ya ofisini Shinyanga, na bado natazama katuni. Semeni mchoke. Mama yangu amesema mpaka kachoka, na nilipokuwa najiandaa kuolewa akaongeza bidii, eti mkwe akigundua atadai ng'ombe wake wa mahari. Namjibu mkwe alishagundua zamani, na filamu ya mwisho ni yeye aliyenitumia.

Hiyo filamu, ya Kijapani, ndiyo niliyokwenda nayo nyumbani Kalangalala Jumapili moja mchana, pamoja na spika ndogo ya kuchaji. Nilikuwa na shida moja tu: nilitaka baba apige ngoma kwenye sendofu yangu, sherehe ya kuniaga kabla ya harusi.

Baba ana duka la sururu na kamba za wachimbaji, lakini kabla ya duka alikuwa mpiga ngoma wa mashindano. Kwetu Usukumani, baada ya mavuno, makundi mawili hucheza uwanja mmoja, saa ileile, kila moja likivutia watu upande wake. Hakuna jaji mwenye kalamu. Watu wakikuhama, umeshindwa, basi. Baba kakulia humo. Akisikia muziki wa namna mbili mahali pamoja, kwake hayo ni mashindano, na lazima mmoja aaibike.

Alikuwa ameshanikatalia mara mbili. "Si umekodi dijei?" aliniuliza. "Basi muziki unao. Mimi wa nini?" Nikajua ni maringo tu. Kwa maringo baba hajambo. Hata marahaba anaitoa kwa kipimo.

Basi nikawawekea baba na mama filamu. Kuna bibi kizee kabeba mlima mgongoni, anatembea nao kwenye theluji, huku nyuma zinalia ngoma kubwa za kale za Wajapani na filimbi ya mwanzi.

"Sasa huo mlima anaupeleka wapi?" mama akauliza.

"Nyamaza tusikilize," baba akasema. Alikuwa amefumba macho, vidole vinagonga kwenye kigoda. "Hawa wamefundishwa hawa."

Ghafla yakaingia magitaa ya umeme na mdundo wa kompyuta. Baba akafumbua macho. "Haa! Wapinzani wamefika!" Kuanzia hapo hatukupumua. "Wa umeme anavuta watu! Ngoma, shika hapo, usikimbie! Shika!" Mzee mzima anamfundisha Mjapani kazi. Mimi nacheka mpaka mbavu zinauma.

"Baba, hawashindani. Wanapiga wimbo mmoja."

Akaniangalia kana kwamba nimemwambia fisi amelala zizini na mbuzi wote wazima. "Mtu hapigi hivyo bila kushindana, mayu," akasema. Ananiita mayu, mama kwa Kisukuma, kwa sababu nimerithi jina la mama yake.

Filamu ikaisha. Bibi akautua mlima wake, na mama akashusha pumzi: "Afadhali." Baba yeye akauliza, "Kashindwa nani?"

"Hakuna."

"Rudisha."

Nikarudisha mara tatu. Mara ya tatu alisogeza kigoda karibu na spika. Kisha akasema taratibu, "Pale filimbi inapoishiwa pumzi, yule wa umeme angeweza kumaliza kazi. Hakuingia. Alimngoja."

Akaangalia mikono yake. "Unadhani ninaringa. Vidole vyangu vimezeeka, mayu. Dijei akiwasha mashine zake watu watanihama, mbele ya wakwe zako, na wewe umekaa pale mbele unaniona."

Wiki nzima nilikuwa nikimwambia kila mtu kwamba anaringa, kumbe mzee wangu anaogopa. Niliona aibu.

Nikampigia dijei, na baba akaninyang'anya simu. "Wewe kijana, unajua kungoja?" Masikini, alidhani anaulizwa kuhusu malipo. Baba akamwita dukani mara mbili, wakafanya mazoezi katikati ya sururu, wateja wakisubiri mlangoni.

Siku ya sendofu baba alianza peke yake, na dijei akaingia chini chini na gitaa la kwenye mashine zake. Watu wakainuka, wakwe wakaacha sahani zao. Kisha katikati nikasikia mkono wa kulia wa baba umechelewa. Ukachelewa tena. Halafu akapoteza mapigo kabisa, ngoma ikanyamaza, naye akabaki ameinama juu yake.

Dijei akazima kila kitu.

Nikaangalia watu, nikingoja wamhame. Hakuna aliyerudi kwenye kiti. Mama akapiga kigelegele, shangazi zangu wakaanza kupiga makofi kwa mapigo yaleyale pale yalipokatikia, polepole, wakiyashikilia, mpaka mikono ya baba ikapata njia. Alipokaa sawa akanyoosha kidole kwa dijei: ingia! Wee, tulicheza.

Baadaye nilimkuta nje, anajifuta uso kwa leso, anajifanya ni jasho.

"Yule dijei mjinga sana," akaniambia. "Alikuwa ameshanishinda."