Siku Baba Alipowatibu Samaki wa Rukia

Sisi tuliokulia Kitale miaka ile ya elfu mbili tulilelewa na watu wasioambilika. Kila mtu mzima alikuwa daktari. Ukikohoa, jirani ameshachemsha majani ya mpera. Ukijikuna, mwingine anakufuata na karai la maji ya mwarobaini. Hakuna aliyekuuliza unaumwa wapi. Leo nikiwaona watoto wetu wanasusia dawa ya kikohozi kwa sababu haina ladha ya stroberi, nacheka, lakini hasira ya likizo ile ya samaki bado haijanitoka.

Rukia alikuwa rafiki yangu wa ukuta kwa ukuta. Babake, Mzee Salim, alikuwa na duka la vitambaa karibu na msikiti. Sisi tulikuwa watu wa kanisa. Idi tulikula pilau kwao, na Krismasi Mzee Salim ndiye aliyekuja kutuchinjia kuku ili wote tule bila wasiwasi. Mimi na Rukia tuliruka bladaa, ule mchezo wa kamba ya mpira, hadi magoti yakawa mekundu kwa vumbi, tukigombania mahindi ya kuchoma na kupatana kabla hayajapoa. Shule zilipofungwa Agosti, yeye na mamake wakaenda Mombasa kwa jamaa zao, na kwa kuwa babake alishinda dukani, aliniachia samaki wake watatu wa mapambo, wekundu kama pilipili, ndani ya tangi la kioo.

"Nekesa, nakuamini," aliniambia, ameukaza uso kama mtu mzima.

Mama naye akaongeza yake: "Kitu ya wenyewe ikiharibikia hapa, nitaonekana namna gani kwa hii ploti?"

Kosa la kwanza lilikuwa langu, nalikubali. Wiki ya pili tulienda Naitiri kwa Kukhu, nyanya yangu mzaa mama. Jirani yake alikuwa na bwawa la samaki wa kula, na humo nikaona magugu ya majini yamependeza. Nikajaza chupa ili nikawapambie wageni wangu wa tangini. Kukhu alitaka kujua ni ya nini. Nilipomweleza, akashika kiuno.

"Samaki ya kuangaria tu? Haikuriwi?"

Tulipoondoka alikuwa bado anawaita majirani waje wasikie maajabu ya watu wa Kitale.

Hazikupita siku tatu, samaki wakaanza kujisugua kwenye mawe. Nikasogeza uso kwenye kioo. Vidude bapa, vidogo kama mbegu za simsim, vilikuwa vimeng'ang'ania mapezi, na vingine vinatembea kabisa mgongoni. Nilikimbia hadi dukani nikilia. Mzee Salim alifunga duka mchana kweupe, akavaa miwani yake ya kushonea, akaviangalia kwa muda.

"Hawa ni chawa wa samaki, mwanangu. Wamekuja na haya magugu. Yatupe, ubadilishe maji."

Alinipa majani makavu ya mwarobaini aliyoletewa kutoka pwani. Nilitakiwa kuyaloweka usiku kucha, kuyachuja, na kutia kikombe kimoja tu katika beseni la maji yaliyokwisha kutulia. Samaki waoge humo kidogo, kisha warudi kwenye tangi. Kila siku hivyo hivyo. Akanionya nisiwe na haraka na nisichanganye na dawa nyingine yoyote.

Nilifuata kila neno. Sikuenda hata kucheza. Kufikia Ijumaa nilihesabu chawa saba tu, wamelegea, na samaki wakaanza tena kugombania chakula. Niliona nimeokoka.

Halafu Jumamosi Baba akarudi nyumbani.

Baba alifanya kazi kwenye josho la ng'ombe kwenye mji mdogo wa Kwanza, na alirudi kila wikendi akinuka dawa ya kupe hata akikoga mara mbili. Kwake yeye, chochote kilichoshika ngozi ya kiumbe chochote kilikuwa kupe. Aliinama mbele ya tangi, akatikisa kichwa.

"Hii ni kupe."

"Baba, ni chawa, na wanaisha. Mzee Salim amesema..."

"Salim anajua kitambaa. Mimi nimeogesha ng'ombe miaka kumi na mbili. Wewe uko darasa la ngapi?"

"La sita."

"Basi enda uoshe vyombo."

Alikuwa na mfuko wa maua makavu ya pareto, zawadi ya rafiki yake mkulima wa Saboti, ambayo tuliyatumia kufukuza viroboto kwenye banda la kuku. Akayaponda kwa chupa ya soda, akayatia maji moto, akasubiri yapoe, kisha akamimina yote ndani ya tangi. Nilikuwa bado nasugua sufuria ya ugali aliponiita kwa furaha.

"Njoo uone! Si nilikuambia? Kupe zimeachilia!"

Kweli zilikuwa zimeachilia. Zilikuwa zimelala chini ya tangi, na juu yake samaki walizunguka kama walevi waliotoka kwenye busaa. Mmoja akageuza tumbo juu. Niliwahamisha kwenye maji safi, lakini kabla Mama hajafika mlangoni wote watatu walikuwa wamekufa.

Baba alisimama na kikombe mkononi. "Lakini kupe zimeisha," alisema, sauti imeshuka.

Nilitamani kupiga mayowe! Pareto inaua wadudu, ndiyo, na samaki inawaua vilevile. Mzee Salim alitueleza baadaye, wakati hapakuwa tena na wa kuokoa. Enzi hizo hukuweza kumfokea baba yako, kwa hiyo nilinuna kwa adabu: nilimpelekea chai bila kumtazama. Nilipanga kumwambia Rukia ni paka aliyewala.

Rukia aliporudi, ilikuwa Jumapili. Baba alivaa shati lake la kanisani, akanishika mkono hadi mlangoni kwao. Mzee Salim akamkaribisha kiti, Baba akakataa. Akachuchumaa mbele ya Rukia.

"Rukia, mwanangu, ni mimi nilimaliza samaki zako. Nekesa alinikataza, sikusikia. Unisamehe."

Sijawahi kumsikia akimwomba mtu msamaha, si kabla ya hapo wala baadaye. Rukia alilia hadi akapata kwikwi. Hakuna aliyemwambia anyamaze, na Baba hakuinuka mpaka alipomaliza.

Mwaka huu samaki wa binti yangu wamepata chawa. Nikauliza kwenye grupu la simu. Dakika kumi hazijaisha nina mwarobaini, kitunguu saumu, majani ya mpapai, tumbaku, na mmoja ati pareto! Vijana ambao hawajawahi kubadilisha maji hata ya maua. Badala ya kushika mwarobaini wa Mzee Salim, nikamfuata aliyeandika kwa uhakika zaidi, mwenye kitunguu saumu, na samaki wote wakafa. Niliporudi kuwaambia, walinitumia vikatuni vinavyolia, kisha mtu akatangaza viatu. Yule daktari wangu alikuwa ameshatoka kwenye grupu. Wazee wetu walitukera hadi basi, lakini walijulikana nyumba zao.

Binti yangu alitoka shule akauliza samaki wako wapi. Nikamwambia ni mimi niliyewamaliza. Alilia sana, na nikakaa naye pale sakafuni mpaka alipomaliza.