Goti la Dervla

Fergal Mulhern alikuwa mgawa barua mstaafu wa Donegal, na kwa miaka ishirini ndiye aliyewaongoza wapanda milima wa kijijini kwao. Mlima wa hapo kijijini ni mkali na hauna njia; ni mawe, nyasi na matope tu. Siku moja wakiwa mlimani ukungu ukawashukia, na Dervla, rafiki yake wa tangu shule, akamwambia, "Fergal, turudi bwana. Hata pua yangu siioni."

"Pua yote hiyo huioni? Twende, bibie. Huku napajua kama jikoni kwangu."

Ukweli ni kwamba alikuwa ameshapotea, akaona haya kusema. Punde Dervla aliteleza kwenye mawe, akavunjika goti. Fergal akambeba mgongoni, akifuata mteremko mpaka chini, na kijiji kizima kikamsifu. Kila aliponunuliwa bia, aliiacha mezani bila kuimaliza.

Alivumilia wiki sita. Kisha akaenda kwa Dervla, akamkuta anamenya viazi, mguu juu ya kiti.

"Siku ile nilikuwa nimepotea," alisema. "Nilijua kabla hujaanguka."

Dervla akaweka kisu chini. "Na mimi kila nikisali nakuombea wewe!" Akachukua tena kisu. "Kawaambie wenzetu. Wote."

Akawaambia jioni ileile. Sasa mtu mwingine ndiye anayeongoza, naye Fergal hutembea nyuma. Goti la Dervla halikupona sawasawa. Yeye huja nao, lakini hubaki garini akisoma gazeti, na Fergal hawezi kugeuka kulitazama gari lile.