Mzigo Unaokanyaga Pedeli

Aliyekulia kwenye kubeba huijua baiskeli kwa mgongo. Nikipakia madumu ya maji, nyuma palikuwa pazito na palisema, maana maji huhama ndani ya dumu kila unapokata kona. Nikipakia mkaa, palikuwa kimya. Asubuhi nikimpakia mdogo wangu wa mwisho kumpeleka shule, palikuwa pepesi na pa joto, na tukifika mbali kidogo kichwa chake kiliniegemea kiunoni, nikajua amelala. Nilikuwa nimemfunga kwangu kwa kanga ya marehemu mama ili asianguke. Niliendesha polepole, kama mtu aliyebeba bakuli la uji lililojaa.

Wazazi wetu walifariki mmoja akimfuata mwenzake, nami nikiwa kidato cha pili, mkubwa wa watoto wanne. Sikurudi darasani. Baiskeli ya baba ilikuwa imeegeshwa ukutani, nikaichukua. Leo wadogo zangu wote wana nyumba zao, nami ni fundi wa plasta hapa Dodoma, mji ambao kila ukiamka umeota ukuta mpya.

Mke wangu ni karani. Aliletwa hapa na kazi wakati ofisi za serikali zilipohamia. Kwao ni Tabora, Mnyamwezi, na mimi ni Mgogo. Watu wetu ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu, kwa hiyo hata uchumba wetu ulikuwa wa kutupiana maneno. Ni yeye aliyetaka twende kwa mama yake kwa baiskeli moja ya watu wawili, likizo yake ikifika mwezi wa nane. Fundi mmoja wa Nkuhungu, hapa hapa mjini, alituunganishia baiskeli mbili kuukuu zikawa moja ndefu. Mbele kuna usukani na breki. Nyuma kuna mkono wa kushikilia tu, haugeuki. Mnyororo mmoja unafunga pedeli za mbele na za nyuma pamoja, kiasi kwamba mmoja akikanyaga, miguu ya mwenzake nayo inazunguka, atake asitake.

Tulianza mazoezi baada ya mvua kuisha, Jumapili alfajiri, kwenye njia ya Hombolo. Kipupwe cha Dodoma kinauma masikio. Ukungu mwembamba unalala juu ya mashamba ya mizabibu, na jua linapotokea linakuwa jekundu na la karibu, kama kitu ambacho ungeweza kukipita pembeni. Mnyororo ulikuwa unanong'ona. Watu waliokuwa wakienda kanisani walisimama kututazama.

"Hiyo mmeiunganisha kwa ndoa au kwa chuma?" mmoja aliuliza.

"Kwa vyote," mke wangu akajibu. "Ndiyo maana haiachani."

Lakini tulikuwa tunaenda vibaya. Mimi sikusema neno. Mzigo hauambiwi kwamba mbele kuna shimo. Nililikwepa shimo kimyakimya, naye huku nyuma, asiyeona kitu isipokuwa mgongo wangu, alirushwa upande mmoja, kisha mwingine. Na kila tulipofika kwenye mwinuko nilifunga breki nikasema, "Tushuke." Ndivyo mtu mwenye mzigo anavyofanya: anashuka, anasukuma. Nilisukuma baiskeli ile ndefu, jasho likinitoka, na mke wangu akitembea kando mikono mitupu.

Siku ya tatu au ya nne aliketi chini kwenye changarawe.

"Mimi si mdogo wako," alisema.

"Najua."

"Hujui. Unanibeba. Nina miguu miwili na imeshiba. Kama ningetaka kubebwa ningepanda basi." Alichomoa mwiba wa mbigili kwenye soli ya kiatu, akautazama. "Nisikilize. Kabla ya likizo twende tukaukague ule mlima wa kupandia Manyoni, njia ya kwetu. Ukiniambia tushuke pale, nitashuka, ila sitapanda tena. Tabora tutakwenda kwa basi, na hii baiskeli tutaanikia nguo."

Hakupandisha sauti. Ndiyo maana niliogopa.

Kuanzia hapo nilijifunza kusema. "Shimo." "Mchanga." "Tuta." Kwanza maneno yalitoka kwa shida, kama maji ya bomba lililokaa sana bila kufunguliwa. Kisha yakaongezeka yenyewe. "Mama mwenye ndoo ya njano." "Mbuzi watatu, mmoja kilema." "Kuna wingu moja tu, liko upande wa Kondoa." Alikuwa anaguna nyuma yangu, na nilihisi kama ninamsomea kitu. Wakati mwingine nilisema vitu ambavyo havikuwapo, na hakuniuliza. Kuhusu vilima, hata hivyo, bado miguu yangu ilitaka kushuka.

Tulikwenda kuukagua mlima Jumamosi moja. Baada ya Bahi, nchi inalala chali. Maji yalikuwa yamejitenga kwenye madimbwi makubwa, na ndege weupe wamesimama ndani yake bila kutikisika, kana kwamba wamesahau walichokifuata. Barabara ilikuwa imenyooka mno hata nikaacha kuona kwamba tunasogea. Upepo ulikuwa mgongoni. Mke wangu alikuwa anaimba kitu cha kwao, bila maneno, na kwa muda mrefu sikujua kama naisikia sauti yake au naiota. Mbele kabisa, upande wa magharibi, ukingo wa Bonde la Ufa ulikuwa mstari wa buluu. Kila nilipoutazama ulikuwa palepale.

Tulilala Kintinku, kwenye nyumba ya wageni. Asubuhi tukanywa chai kando ya barabara kwa mama mmoja wa makamo aliyekuwa anakaanga vitumbua.

"Mbukwenyi," alitusalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, mama," nikaitikia. Mke wangu akasema, "Shikamoo." Yule mama akamwitikia, kisha akasikiliza lafudhi, akaweka kijiko chini.

"Wewe wa wapi?"

"Tabora."

"Mnyamwezi!" Alifurahi kama aliyeokota kitu. "Unakatiza Ugogo bila kutoa hongo ya njia? Babu zako walitoa nguo na shanga hapa, ndipo wakapewa maji."

"Babu zangu walikuwa wageni. Mimi nimeolewa, nimeshalipa kwa kumvumilia huyu."

"Hilo halinihusu." Akanyoosha mkono, akaivuta skafu ya mke wangu shingoni, akajifunga yeye kichwani. Kwa watani hakuna wa kulalamika. Kisha akaikagua baiskeli yetu, kutoka tairi hadi tairi, akatikisa kichwa. "Wanyamwezi walikuwa wapagazi, wakibeba pembe mpaka pwani. Leo Mnyamwezi amekaa nyuma, Mgogo ndiye anayembeba. Kweli dunia imezeeka."

Watu waliokuwa wakinywa chai walicheka, mke wangu naye akacheka. Lakini tulipopanda sikuisikia sauti yake nyuma yangu, na nikajua kwamba neno lile limemwingia.

Mlima ulianza taratibu, kama mazungumzo. Nilipunguza gia. Miti ya miombo ilikuwa imekaribia barabara, na hewa ikawa na harufu ya majani makavu. "Kona kushoto," nilisema. "Lori linashuka." Kisha sikuweza kusema tena, kwa sababu pumzi yote ilikuwa imeenda miguuni. Nilikanyaga kama nilivyokanyaga miaka yote, kwa hesabu ya mtu mmoja mwenye vyote nyuma yake. Katikati ya mlima msuli wa paja la kulia ukajikunja, ukawa jiwe.

Vidole vyangu vilikwenda kwenye breki vyenyewe. Neno likaja mpaka kwenye meno: "Tu..."

Sikulimaliza. Niliona nguo zimeanikwa kwenye usukani ule, zikikauka mwezi wa nane wote, na yeye peke yake dirishani kwenye basi.

"Msuli," nilisema badala yake. "Umekaza. Sina mguu."



"Usishuke," alisema. "Acha kukanyaga. Weka tu miguu."

"Utachoka."

"Nitakuambia nikichoka. Wewe ni wa usukani."

Nikaacha. Ni jambo dogo kulisema. Nililegeza mapaja, nikangoja baiskeli isimame na kutuangusha, haikusimama. Ilipungua mwendo, ikayumba, nikaishika, ikaendelea. Pedeli zilikuwa zinainuka chini ya viatu vyangu, moja baada ya nyingine, na kunyanyua miguu yangu kama mtu anayemvalisha mtoto aliyesinzia. Sikuwa nazungusha chochote, nilikuwa nazungushwa. Nyuma yangu nilisikia pumzi yake, nzito na ya mpangilio, na nguvu iliyokuja kwa njia ya mnyororo haikuwa ya kubahatisha. Nikaelewa kwamba ilikuwapo siku zote, hata Hombolo, ila nilikuwa naikanyagia juu.

Kwa kuwa sikuwa na kazi ila kushika usukani, nilitazama pembeni. Bonde lote lilikuwa limeshuka chini yetu. Madimbwi ya Bahi yalikuwa yanameta mbali, madogo kama shanga zilizomwagika, na kati yake na sisi kulikuwa na moshi mmoja uliosimama wima. Nilihisi usingizi, usingizi mtamu wa mchana, ingawa macho yalikuwa wazi. Nilimkumbuka mdogo wangu na kichwa chake kiunoni mwangu. Nilikuwa sijawahi kujiuliza alikuwa anaona nini kabla hajalala.

"Niambie njia," sauti ikasema nyuma.

"Kona kulia," nilisema. "Jiwe kubwa jeupe. Halafu mbingu."

"Mbingu?"

"Tumefika juu."

Hatukuendelea mpaka Manyoni, maana tulichokuja kukagua kilikuwa kimekaguliwa. Aliketi kwenye lile jiwe jeupe, uso umelowa, akala kitumbua kimoja kilichobaki bila kunigawia. Kisha tukageuza baiskeli, tukateremka, upepo ukitujaa ndani ya mashati, mimi nikiita kona na yeye akizirudia nyuma yangu kama mwitikio.

Yule mama alituona kwa mbali. Alikuwa bado amevaa skafu.

"Enhe," alisema tuliposimama. "Nani kambeba nani?"

Mke wangu alikuwa anatazama tairi.

"Nimebebwa, mama," nikajibu. "Kuanzia katikati mpaka juu."

Wanywa chai wakageuka. Mmoja akaguna, mwingine akasema, "Mgogo mzima." Yule mama akanitazama vizuri, nadhani ili aone kama ni utani, kisha akaifungua skafu kichwani polepole, akaikunja, akaivisha shingoni mwa mke wangu.

"Basi hongo imelipwa," alisema. "Mwezi wa nane mkipita, piteni hapahapa. Chai ya mpagazi ni bure. Huyu wa mbele atalipa."