Kipimo Kisichopanda

Mimi ni mtu wa kushuku, sifichi. Hata mume wangu akiniambia ameshakula, nafunua sufuria. Kwa hiyo nilipohamishiwa kwenye bwawa moja la zamani nje ya mji wa Morogoro, nilishuku kila kitu: nyufa za zege, miti iliyoota juu ya tuta, na zaidi ya yote, mzee niliyemkuta pale kazini.

Mzee huyo alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Kila Jumatatu alishuka chini ya tuta kusoma kipimo. Tuta la udongo halikosi kuvuja. Maji yanayopenya hukusanywa kwenye mfereji, yakapita kwenye kisanduku cha zege chenye rula. Yakiwa machache na maangavu, unalala. Yakiongezeka ghafla au yakitoka na udongo, basi tuta linaliwa kwa ndani.

Na mama yangu alikuwa anakaa hapohapo chini. Alishuka kutoka milimani Uluguru baada ya baba kufariki, akawa analima mchicha. Nilimsihi ahame mpaka nikachoka.

“Si wewe ndiye unayelichunga hilo bwawa?” alinijibu kila mara. “Siku ukiniambia linabomoka, nitahama.”

Mwaka ule masika yalijaza bwawa hadi juu, na bwawa likijaa mvujo nao huongezeka, lakini daftari la mzee lilisoma sentimita nne, nne, nne, vilevile kama bwawa lilipokuwa nusu. Nani wa kudanganywa hapo? Nikajua anajaza namba ofisini huku anakunywa chai. Nilimwamkia shikamoo, halafu nikamwambia usoni kwamba ni mwongo.

“Marahaba,” alisema. “Kasome mwenyewe, binti yangu.”

Nikashuka. Nne. Jumatatu iliyofuata nikashuka tena bila kumwambia. Nne. Aibu ilinishika kidogo, ila shaka haikuisha, ikahamia kwenye rula. Nikaikagua rula nayo, haikuwa na kosa.

Njaa ilikuwa inaniuma, nikapita kwa mama. Masika yalikuwa yameshapita, kiangazi kimeshika. Bustani za majirani zilikuwa rangi ya ugoro, yake mbichi inang'aa. Nikamuuliza anamwagilia na nini.

“Kwetu mlimani nani anabeba ndoo?” alisema, akanishika mkono kunionyesha.

Alikuwa amepasua migomba katikati iwe michirizi ya maji, akaiunganisha kichwa kwa mkia kama wanavyofanya huko juu, na kuifunika kwa nyasi. Ilianzia kwenye mfereji wa tuta, kabla maji hayajafika kwenye kisanduku chetu, ikameza yote yaliyozidi. Maji aliyoyahesabu mzee yalikuwa yale tu ambayo mama hakuyahitaji.

Niliing'oa ile migomba kwa mikono, mama ananifokea kuhusu mchicha wake. Maji yakageukia kisandukuni. Yakapita nne, yakapita saba, hayakutulia mpaka yalipoifunika rula yote.

Nikayachota kwa bakuli lake jeupe la uji, nikaliweka chini, tukasubiri. Udongo mwekundu, mwembamba usioonekana kisandukuni, ukatulia polepole kwenye kitako cha bakuli.

“Huo unatoka wapi?” aliuliza mama.

“Ndani ya tuta. Mama, tangu lini maji yako yana udongo?”

Aliinua macho akaliangalia tuta lililosimama juu ya paa lake. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

“Tangu mwaka jana. Nilifurahi, nikasema bora, yana mbolea.”

Nilimpigia simu yule mzee. Nilimwomba radhi, kisha nikamwambia awaite wakubwa waanze kushusha maji ya bwawa leo hii, na yeye aje na gari. Hakuniuliza gari la nini. Nilipogeuka, mama alikuwa ameshaingia ndani, anakunja godoro.