Jumamosi Niliyojinyoa Kichwa Nikienda kwa Wakwe

Wasee, aibu nimeona nyingi kwa hii maisha, lakini ya ile Jumamosi nikiikumbuka hata nikiwa peke yangu nafunika uso na mkono, na naomba mtu asinicheke kabla sijamaliza, mkishasikia yote mtacheka tu hata nikiwakataza.

Shida ilianza na shingo yangu. Ndevu zangu ni za kujikunja, nikinyoa na zile nyembe za plastiki za kutupa, kesho yake nimejaa vipele kutoka kidevu mpaka kwa kola, na kinyozi naye akipitisha mashine yake (ile amepitishia vichwa vya mtaa wetu wote wa Sarang'ombe tangu asubuhi) inakuwa mbaya zaidi. Sasa jamaa mmoja tunafanya naye kazi ya kuweka tiles akaniambia dawa ni ile ya chuma, ya wazee, ile unafungua kichwa chake unaweka wembe mmoja wa makali mawili, ati pakiti ya nyembe unanunua na bei ya chapati mbili na inakupeleka miezi. Nikaipata sokoni Kawangware 56 kwa mama fulani anauza vitu za zamani juu ya gunia, katikati ya vijiko na makufuli hazina funguo, nikaishika nikaona ni nzito, ni kitu ya maana. Nikajiona mjanja.

Na si siku ya kawaida nilichagua kuijaribu. Ilikuwa siku ya kwenda kwa kina Minayo. Minayo ni msichana wangu, mwaka wa tatu sasa, na amelelewa hapo Kawangware na senge yake, yaani dada ya baba yake, anaitwa Senge Rasoa, na huyo mama ndiye huamua kila kitu. Kujitambulisha tulikuwa tumeahirisha mara mbili (ya kwanza nilikuwa mgonjwa, ya pili mvua ilifunga barabara), na Senge alikuwa amesema wazi, nisipokuja hii Jumamosi, yeye anarudi nyumbani Magharibi Jumatatu na hayo maneno ya Kefa, yaani mimi, anayafunga, hataki kuyasikia tena. Kwa hivyo nikataka niende na kidevu laini. Hiyo tu! Kidevu laini!

Kitu hakuna mtu aliniambia ni kwamba ile chuma haitaki kufinywa. Zile za plastiki mimi huzifinya kwa uso kama mtu anapiga pasi, sasa nikajipaka kipande cha sabuni ya kufulia (wacha, wewe sikiza tu), nikaweka chuma kando ya sikio la kulia, nikafinya. Ikabeba nywele zote za hapo na kangozi kidogo juu yake. Nikasema sawa, wacha nisawazishe upande wa kushoto. Kushoto ikapanda juu kushinda kulia. Nikarudi kulia. Si mnajua venye mtu hukata miguu ya stuli ndio isiyumbe, anakata huku, anakata huku, mpaka inabaki ubao chini? Masharubu nayo niliyagusa tu kidogo yakabaki ya upande mmoja, ikabidi yaende. Kufika saa tatu mstari wa nywele za mbele ulikuwa umeinama upande, na kinyozi wa hapo chini hana stima, laini yote imezima tangu alfajiri. Nikasimama na kioo mkononi nikajiambia, Kefa, malizia tu yote. Nikamalizia yote.

Sasa ona venye mambo hujipanga. Shati yangu nyeupe ilikuwa imedondokewa na damu kwa kola, na bila stima siwezi piga pasi ingine, ile moja ilikuwa imenyooka ni nyeusi, nikavaa nyeusi. Povu ya sabuni ilikuwa imeingia macho, macho yamekuwa mekundu. Na mdomo wa juu niliukata, nikijaribu kucheka unafunguka damu inatoka, kwa hivyo nikaamua leo sicheki na mtu. Nikatoka nje hivyo.

Jirani yangu Mama Akinyi alikuwa anaanika nguo. Aliniona akaangusha beseni.

"Uwi! Kefa! Ni baba?"

Hapo ndio akili ilinirudi. Sisi watu wa Magharibi, na wenzetu Wajaluo pia, mzazi akizikwa watoto wake wananyolewa kichwa chote, na si na mashine, na wembe, mpaka king'ae, na mtu wa hivyo haingii ingii kwa nyumba za watu kabla matanga hayajaisha, sembuse kwenda kuomba msichana. Mimi nilikuwa nimejinyoa matanga nikienda uchumba. Nikamwambia Mama Akinyi hapana, baba ako sawa, ni wembe tu ulinishinda, akanishika mkono akaniambia, "Kulia si aibu, mtoto wangu," na mpaka leo sijui kama aliniamini.

Kuahirisha mara ya tatu siwezi. Nikanunua kofia, nikaivuta mpaka kwa nyusi, nikaenda.

Nyumba ya Senge iko kwa ploti ya Mzee Njoroge, yule landilodi wa siku nyingi ambaye babake ndiye alikuwa na shamba la hapo kabla kujengwe, na siku hiyo alikuwa amealikwa akae na sisi kama mwenyeji. Kuku iko mezani, ugali iko mezani, Minayo amevaa gauni ya bluu mpaka nikasahau vidonda. Halafu Senge akasema tuombe. Mzee Njoroge akatoa kofia yake. Wote wakaniangalia mimi.

"Kijana, unaomba Mungu na kofia?" Mzee akaniuliza.

Nikaitoa. Weh!

"Umezika nani?" Senge akauliza, polepole.

"Hakuna mtu, Senge."

"Usinidanganye mbele ya chakula. Hivyo vichwa nimeviona tangu nizaliwe. Ni baba ama ni mama?"

"Kefa, si ungeniambia tu?" Minayo akasema, na machozi tayari yako njiani.

Nikafikiria nikicheka kidogo watajua hakuna shida, nikacheka, mdomo ukafunguka, damu ikashuka kwa kidevu. Senge akarudi nyuma hatua mbili.

"Yaani umeona tumengoja mara mbili, ukaamua ya tatu ufiche kifo, ukibebe ukilete kwa nyumba yangu? Kwa huyu mtoto wangu?"

"Senge, naapa baba yuko."

"Basi mpigie. Niongee na yeye mwenyewe."

Nikapiga. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Kila nikirudia Senge alikuwa anatingisha kichwa, na mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza mara ya mwisho niliongea na baba ilikuwa lini, nikaona ni Jumanne, na alikuwa ameniambia kifua kinambana, na mimi nikamwambia anywe maji moto nikakata simu kwa sababu nilikuwa na haraka. Wasee, niliogopa. Si Senge niliogopa tena. Nilikuwa napiga ile simu kama mtu anagonga mlango wa nyumba inaungua.

Mzee Njoroge ndiye alisimama. Akavaa miwani, akanishika kichwa na mikono miwili akakigeuza huku na huku kama mtu anachagua tikiti maji.

"Mama Rasoa, hebu njoo uone. Huyu hajanyolewa na mtu. Mfiwa ananyolewa na wenzake, hata kisogoni wanafika. Huyu, ona, nyuma ya sikio ameacha msitu. Hapa amejikata. Hapa amerudia mara tatu. Hii ni kazi ya mtu na kioo." Akainama kwangu. "Ulitumia ile ya chuma?"

"Ndiyo, mzee."

"Ukafinya?"

"Nilifinya."

"Haiya! Ile haifinywi! Uzito wake unatosha, wewe unaiongoza tu. Mimi ninanyoa nayo tangu nikiwa na nywele!"

Senge akakaribia, akagusa huo msitu na kidole. Niliona mdomo wake unataka kucheka anaukataza. Lakini akasema, "Baba yake nimsikie kwanza," na hakukaa, na chakula hakuna mtu aligusa.

Mzee akanitoa nje kwa baraza akasema tukingoja heri anirekebishe, maana hawezi kula akiangalia hiyo shamba ya kichwa changu. Akaleta maji moto, brashi, na chuma yake imepauka kwa miaka. Alinifunika na taulo ya moto mpaka nikahisi ngozi imelegea, akapiga povu nzito kwa kikombe, akanyoa akifuata nywele zinavyolala, polepole, nikasikia tu kasauti kadogo ka wembe. Hakuna kilichouma. Ningekuwa na amani ningelala hapo.

Simu ikalia nikiwa na povu kwa shingo.

"Kefa," baba akasema, "simu ilikuwa kwa kinu cha kusaga mahindi inachajiwa, imezimwa. Nikaiwasha naona meseji, umenipigia mara tisa! Kuna nini? Nani amekufa?"

Nilianza kulia, mtu mzima, na taulo shingoni. Senge akaninyang'anya simu.

"Wewe ndiye baba ya Kefa? Uko hai?"

"Niko hai, mama. Kwani huyo mtoto amesema nini?"

"Amejinyoa kichwa chote akija kuoa!"

Nikasikia baba akicheka, kile kicheko chake cha kuishia kwa kikohozi, na Senge naye akacheka mpaka akakaa chini kwa ngazi, akajipangusa macho na leso. "Minayo," akaita, "pasha hiyo kuku moto. Mkwe hajala."

Siku hizi najinyoa vizuri, maji moto, povu nzito, sifinyi, na kichwa sikigusi kabisa, hicho ni cha kinyozi hata kama stima itapotea wiki nzima. Lakini kabla sijashika wembe nampigia baba kwanza. Mara nyingi hatuna hata la kuongea, ananiuliza kama nimekula, namuuliza kifua, anasema kiko tu. Akishasema hivyo, naenda kuweka maji kwa jiko.