Wino wa Kidole Kidogo

Barua ya kuomba mtoto asichanjwe ilikuwa na mihuri miwili, yote ya kanisa. Baba wa mtoto aliileta mwenyewe shuleni saa tano asubuhi, kavaa suti nzito, jua la Temeke likimtiririsha jasho mpaka kwenye kola. Ndani ya barua mchungaji alieleza kuwa waumini wake wanalindwa na damu ya Mwokozi, hawana haja ya sindano, na shule iheshimu imani hiyo. Wakati huo surua ilikuwa imeshaingia mtaa wa pili.

Nilimdharau yule baba, na sioni haya kusema. Mwezi mmoja nyuma aling'olewa jino, akachomwa ganzi, na alitusimulia mwenyewe getini kwamba hakusikia kitu. Sindano ya jino lake haikugusa imani. Ya mwanawe ndiyo ilikuwa ya shetani. Ukimuuliza ni andiko gani linasema hivyo, anakujibu mchungaji ameoneshwa. Karani mzima, anayewarudisha watu nyumbani kwa kukosa sahihi moja kwenye fomu, lakini kwa mchungaji wake hakudai hata mstari mmoja. Sikio la kufa halisikii dawa, niliwaambia wenzangu ofisini, nao wakacheka.

Mwalimu mkuu aliipokea barua. Alisema tusigombane na watu wa dini, akaichomeka kwenye faili. Naye nilimdharau, ila yeye kimoyomoyo, maana ndiye bosi wangu.

Wauguzi walipokuja, watoto wa darasa langu la kwanza walipanga mstari. Aliyechomwa alipakwa wino kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ili asirudiwe. Binti wa yule baba alibaki darasani peke yake. Siku nzima wenzake walitembea wameinua vidole kama watu waliovishwa pete, wakimwita mwoga. Niliwakemea mara moja, nikaona nimemaliza kazi.

Kesho yake mama yake, anayeuza ndizi Buguruni, alinisubiri nje ya geti, beseni lake chini miguuni. Alizungumza bila kuniangalia usoni.

"Mwalimu, wakirudi mchomeni tu. Baba yake nitamjibu mie."

Wauguzi walikuwa warudi keshokutwa kumalizia waliokosa. Nilimwambia asiwe na wasiwasi, hilo aniachie mimi. Nilijiona mtu wa maana sana.

Siku ilipofika nilimwita binti mezani kwangu. Nikakuta kidole chake kina wino, mweusi tii. Nikawaza kuwa muuguzi mmoja mwenye akili alimpitia kimya kimya siku ile ya kwanza. Sikumuuliza mtoto. Sikumuuliza hata muuguzi, aliyekuwa amesimama hatua tano tu kutoka hapo. Nilitaka sana iwe kweli, na tayari nilikuwa naonja utamu wa kumcheka baba mtu. Nikamrudisha darasani, na jioni nikampigia mama simu kumwambia kazi imekwisha.

Kwa hiyo watoto wa jirani walipougua, mama hakumzuia mwanawe kucheza nao. Si mwalimu alishasema? Homa ilipompanda, baba alimpeleka kwanza kanisani, akalazwa kwenye mkeka siku nne akiombewa, macho yakitoa usaha. Hospitali waliliokoa jicho la kulia. La kushoto halioni tena.

Nilikwenda kumtazama wodini. Baba alikuwepo na suti yake ileile, akaniambia kwa upole kwamba Mungu ana makusudi yake. Kumjibu mtu kama yule ni kumpandisha cheo. Niliketi kando ya kitanda nikamuuliza binti ni muuguzi gani aliyempaka wino, kwa sababu nilitaka kujua ni chanjo gani hiyo isiyofanya kazi.

"Nilijipaka mwenyewe, mwalimu," alisema. "Kwa ile maka peni ya mezani kwako. Ili wasinicheke."

Nilipogeuka, mama yake alikuwa nyuma yangu, ameshika chupa ya uji. Alikuwa amesikia. Alinitazama tu, vilevile nilivyozoea mimi kumtazama mumewe.